Prosesa ya Seva na Prosesa ya Laptopu ya Zamani: Mwongozo Kamili wa Kuzilinganisha Kabla ya Kununua

Skuli, duka la dawa au nyumba ya wageni inayotaka kompyuta moja ya kuhifadhia kumbukumbu zake hapa Unguja au Pemba mara nyingi hujikuta mbele ya machaguo mawili: seva (kompyuta iliyojengwa kuhudumia watu wengi kwa pamoja) iliyokwisha kutumika ng'ambo, au laptopu ya zamani ambayo tayari imo afisini na haina kazi. Muuzaji wa seva atataja idadi ya viini, yaani sehemu za prosesa (chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) zinazoweza kufanya kazi kila moja peke yake, na mwenye laptopu atajibu kwamba gigahezi, yaani kipimo cha kasi ya prosesa, ni zilezile. Wote wawili watakuwa wanasema kweli, na bado mnunuzi hatakuwa amepata jibu.

Chukua mifano miwili ambayo nitaitumia katika mwongozo huu wote. Intel Xeon E5-2680 v4, prosesa ya seva iliyotoka mwaka 2016, ina kasi ya msingi ya gigahezi 2.4. Intel Core i5-6300U, prosesa ya laptopu iliyotoka mwaka 2015, nayo ina kasi ya msingi ya gigahezi 2.4. Zote mbili zimetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14, na vizazi vyake vimefuatana. Hata hivyo ya kwanza ina viini 14 na imepangiwa wati 120, ilhali ya pili ina viini 2 na imepangiwa wati 15. Jahazi halipiti mbio kuliko ngalawa kwa sababu tu limebeba shehena kubwa zaidi, na ndivyo zilivyo prosesa hizi: tofauti yake kubwa iko katika wingi wa kazi zinazobebwa kwa wakati mmoja, na katika umeme unaoliwa hata wakati hakuna kazi yoyote. Hilo la pili ndilo ambalo wanunuzi wetu hulisahau, na kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kuamua.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba tatizo ni prosesa

Kabla ya kulinganisha chochote, itazame mashine unayoitumia sasa wakati watu wanalalamika kuwa iko taratibu. Katika Windows fungua kidhibiti kazi kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika Linux andika amri hii:

top

Ikiwa prosesa inatumika chini ya theluthi ya uwezo wake huku kila mtu akisubiri, prosesa huenda siyo ya kulaumiwa, ingawa inafaa kwanza uhakikishe kwamba hakuna kiini kimoja kilichojaa peke yake wakati vingine vimelala. Katika matokeo ya top, zitazame herufi "wa" kwenye mstari wa prosesa: namba iliyo mbele yake ikiwa kubwa, maana yake ni kwamba prosesa inaisubiri diski. Laptopu nyingi za zamani bado zina diski ya kuzunguka, na kuiondoa hiyo na kuweka SSD, yaani diski isiyozunguka, huleta mabadiliko ambayo hakuna Xeon itakayoyaleta. Fanya hilo kwanza, ongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ikiwa imejaa, kisha upime tena. Watu wengi wataishia hapa, na wataishia vizuri.

Hatua ya pili: soma jina kamili

Maneno "i5", "i7" na "Xeon" peke yake hayaelezi kitu cha kutosha. Muulize muuzaji jina lote pamoja na tarakimu na herufi zake, au uisome mwenyewe mashine ikiwa imewashwa. Katika Linux amri ni hii:

lscpu

Katika familia ya Xeon E5, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inaonyesha ni prosesa ngapi zinazoweza kukaa kwenye ubao mama mmoja. Kwa hiyo E5-2680 inaweza kukaa na mwenzake mmoja, na seva yenye zote mbili ina viini 28. Alama ya mwisho inaonyesha kizazi: isiyokuwa na alama ni ya mwaka 2012, v2 ni ya 2013, v3 ni ya 2014, na v4 ni ya 2016. Ukiambiwa "E5-2680" tu, bila ya kujua ni v ngapi, hujaambiwa nusu ya habari, kwa sababu ile ya kwanza ina viini 8 na ya v4 ina viini 14.

Kwa upande wa laptopu, tarakimu ya kwanza ya namba yenye tarakimu nne ndiyo kizazi, kwa hivyo i5-6300U ni ya kizazi cha sita. Herufi ya mwisho ndiyo yenye siri kubwa zaidi. U ni prosesa ya umeme mdogo, HQ ni ya laptopu nzito yenye viini 4, na M ya miaka ya nyuma ni ya laptopu za kawaida za wakati wake, kama i5-3320M ya mwaka 2012 iliyopangiwa wati 35. Hapa pana mtego ambao ningependa kila mnunuzi aujue: i7-6600U, pamoja na kuitwa i7 na kuuzwa kwa bei ya i7, ina viini 2 tu, sawasawa na i5-6300U. Kinyume chake, i5-8250U ya mwaka 2017 ina viini 4 ingawa kasi yake ya msingi ni gigahezi 1.6 tu na wati zake ni zilezile 15. Anayechagua kwa kutazama gigahezi ataiacha prosesa bora zaidi dukani.

Hatua ya tatu: linganisha yaliyomo ndani

Kila kiini katika prosesa zetu mbili kinaweza kushika nyuzi mbili za kazi, kwa hiyo mfumo utaonyesha nyuzi 28 kwa Xeon na 4 kwa i5. Usizihesabu nyuzi kana kwamba ni viini. Uzi wa pili hutumia nafasi ambazo wa kwanza ameziacha wazi, na faida yake kwa kazi nyingi za kawaida huwa kama robo hivi, wakati mwingine chini ya hapo.

Kasi ya juu kabisa ni gigahezi 3.3 kwa Xeon na 3.0 kwa i5, lakini Xeon huifikia 3.3 pale tu viini vichache vinapofanya kazi. Vyote 14 vikishughulika kwa pamoja hushuka hadi kwenye gigahezi 2.9. Kiini cha i5, kwa kuwa ni cha kizazi kilichofuata, hufanya kazi kidogo zaidi katika kila mzunguko. Ukiyaweka pamoja haya utaona kwamba kwa kazi inayotumia kiini kimoja tu, prosesa hizi ziko karibu sana. Programu ya hesabu ya dukani inayotumiwa na mtu mmoja haitaitambua seva.

Tofauti inaanza pale kazi zinapokuwa nyingi. Viini 14 kwa 2 ni mara saba, na huo ndio ukubwa unaoweza kuutarajia kwa kazi inayogawanyika vizuri. Pamoja na hapo kuna kache, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa: Xeon ina megabaiti 35 na i5 ina 3. Hifadhidata ndogo ya skuli inaweza kukaa karibu yote ndani ya megabaiti 35, na hapo prosesa haihitaji kwenda kwenye RAM kila mara.

RAM yenyewe hufikiwa kupitia njia zinazoitwa chaneli. Xeon hii ina chaneli 4 za DDR4-2400, zinazoweza kupitisha gigabaiti 76.8 kwa sekunde. I5 ina chaneli 2, na ikitumia DDR4-2133 hupitisha takriban gigabaiti 34. Lakini laptopu yenye kipande kimoja tu cha RAM hutumia chaneli moja, na hivyo hubakiwa na nusu ya uwezo huo. Kwa sababu hiyo, vipande viwili vya gigabaiti 4 ni bora kuliko kipande kimoja cha gigabaiti 8. Kikomo cha RAM kwa i5-6300U ni gigabaiti 32, wakati Xeon hupokea zaidi ya gigabaiti 1,500, kiwango ambacho hakuna afisi ndogo itakayokihitaji.

Liko jambo moja katika upande wa seva ambalo halionekani kwenye kipimo chochote cha kasi, nalo ni RAM inayojisahihisha, ijulikanayo kwa herufi ECC. Biti moja ikigeuka kimakosa, seva huirekebisha, na laptopu yetu haiwezi. Kwa picha za harusi hilo si jambo la kukosesha usingizi. Kwa rekodi za wagonjwa au matokeo ya mitihani yanayokaa miaka, ninalipatia uzito mkubwa.

Hatua ya nne: ziweke mashine katika hali moja

Kipimo kisicho cha haki ni kibaya kuliko kukosa kipimo. Weka mfumo uleule na toleo lilelile katika mashine zote mbili, na uzisasishe kikamilifu, kwa sababu kasoro za usalama zilizotangazwa Januari 2018 kwa majina ya Spectre na Meltdown zinazihusu prosesa zote mbili, na marekebisho yake hupunguza kasi kwa kiasi fulani. Mashine iliyosasishwa ikilinganishwa na isiyosasishwa, jibu litakuwa la uongo. Laptopu iwe imechomekwa kwenye umeme wala isitegemee betri, na hali ya kubana umeme iwe imezimwa. Safisha feni na matundu yake, na ikiwa pesti ya kupitisha joto imekauka, ibadilishe. Mashine iliyokaa miaka karibu na bahari hukusanya vumbi lenye chumvi, ambalo hunyonya unyevu na kung'ang'ania kwenye mapezi ya kupozea.

Hatua ya tano: pima kwa uzi mmoja, kisha kwa nyuzi zote, kisha kwa muda mrefu

Programu ya 7-Zip ni ya bure na ina kipimo chake ndani. Anza na uzi mmoja:

7z b -mmt1

Kisha ziachie nyuzi zote:

7z b

Napendelea kipimo hiki kuliko vile vya kuhesabu namba tasa, kwa sababu sehemu yake ya kubana mafaili inategemea sana kasi ya kuifikia RAM, na sehemu ya kufungua mafaili inategemea zaidi prosesa yenyewe. Unapata habari mbili kwa kipimo kimoja. Andika namba zote kwenye karatasi, pamoja na joto la chumba.

Kipimo cha tatu ndicho kinachoziumbua laptopu. Prosesa ya U huruhusiwa kuvuka wati zake 15 kwa muda mfupi, kwa kawaida kama nusu dakika, kisha hurudishwa kwenye kikomo chake. Kipimo kinachokwisha ndani ya sekunde ishirini huionyesha laptopu ilivyo mwanzoni tu mwa kazi. Kwa hiyo, katika Linux, ishughulishe mashine kwa dakika ishirini kwa programu ya stress-ng:

stress-ng --cpu 0 --timeout 20m

Katika dirisha jingine angalia joto na kasi kila baada ya dakika kadhaa:

sensors
grep MHz /proc/cpuinfo

Ukiona kasi imeshuka kutoka 2.9 hadi 2.2 au chini zaidi, hiyo ya chini ndiyo kasi yako ya kweli kwa kazi ndefu. Kipimo hiki kifanyike mchana, na ikiwezekana wakati wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi, hewa inapokuwa ya moto na nzito. Mashine iliyofaulu usiku wa kusi ndani ya chumba chenye upepo haijathibitisha kitu kuhusu Februari.

Mwisho, pima kazi yako mwenyewe. Kama ni mfumo wa masomo wa skuli, kusanya wanafunzi wa darasa moja, wafungue jaribio kwa wakati mmoja, na utazame ni nani anasubiri na kwa muda gani.

Hatua ya sita: pima umeme

Wati 120 zilizoandikwa kwenye karatasi ya Xeon si matumizi ya seva nzima. Kuna RAM, diski, feni za nguvu, na mara nyingi vifaa viwili vya kuingizia umeme. Wala namba hiyo haisemi seva inakula nini ikiwa imekaa bure. Unahitaji kupima kwenye soketi. Kipimo cha wati kinachochomekwa ukutani ndicho chepesi zaidi, na seva nyingi za aina ya Dell PowerEdge R730 au HP ProLiant DL380 Gen9, ambazo ndizo zinazobeba prosesa za v4, huonyesha matumizi yao kwenye ukurasa wao wa usimamizi.

Asiyekuwa na kifaa hicho atumie mita ya umeme iliyo ukutani. Zima kila kitu ndani ya jengo isipokuwa mashine unayoipima, kisha itazame taa ndogo nyekundu inayomweka. Mita nyingi za kielektroniki zimeandikwa alama imp/kWh na namba mbele yake. Ikiwa namba hiyo ni 1000, kila mweko mmoja ni wati-saa moja, kwa hivyo mimweko 25 ndani ya robo saa ni sawa na matumizi ya wati 100.

Sasa fanya hesabu. Tuseme umepata wati 100 kwa seva iliyokaa bure na wati 10 kwa laptopu iliyofungwa kioo. Seva itakula uniti 2.4 kwa siku, yaani uniti 72 kwa mwezi wa siku 30. Laptopu itakula uniti 7.2. Zidisha tofauti hiyo ya takriban uniti 65 kwa bei unayonunulia umeme wako, kisha zidisha kwa miezi ya miaka mitatu, na ujumlishe kwenye bei ya seva. Ikiwa chumba kina kiyoyozi, ongeza tena karibu theluthi moja, kwa sababu kila wati inayoingia kwenye seva hutoka ikiwa joto, na joto hilo lazima liondolewe kwa umeme mwingine.

Lakini tuwe waadilifu kwa seva pia. Chukua kazi nzito inayoichukua laptopu saa 10 kwa wati 30: hizo ni wati-saa 300. Seva yenye uwezo wa mara saba itaimaliza kwa saa moja na nusu hivi, na hata ikila wati 250 katika muda huo, jumla ni wati-saa 375. Tofauti ni ndogo. Seva inapofanya kazi haifuji umeme kwa kiasi ambacho watu wanadhani; hasara yake iko katika zile saa ishirini na zaidi inapokaa ikingoja. Kwa hivyo swali la kumuuliza mhasibu ni hili: kwa siku moja, mashine hii itakuwa na shughuli kwa saa ngapi? Seva yenye kazi ya saa mbili kwa siku inaweza kuwashwa kwa saa hizo mbili tu na kuzimwa.

Kukatika kwa umeme nako kuna nafasi yake katika hesabu. Umeme wetu wa gridi unakuja kwa waya zilizolazwa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, na wakaazi wa Unguja hawajaisahau ile miezi mitatu ya giza, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Laptopu ina betri yake ndani, na ikiwa bado nzima huvuka saa moja au mbili za kukatika bila ya msaada. UPS ndogo (kifaa cha betri cha kushikilia umeme unapokatika) yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 kwa maandishi tu. Ikibebeshwa seva ya wati 150 haitafika hata nusu saa. Ukiitumia laptopu kama seva, weka kikomo cha kuchaji kwenye asilimia 80 pale ambapo mashine inaruhusu, kwa sababu betri inayokaa imejaa siku zote katika joto letu huvimba, na betri iliyovimba ni hatari ya moto.

Hatua ya saba: angalia kazi zisizofuata kanuni

Kazi ya video huvuruga hesabu zote za viini. Prosesa ya i5-6300U ina sehemu ya michoro ndani yake, yenye kifaa maalumu cha kubadilisha video za H.264 na HEVC, ambazo ni namna mbili za kubana video. Xeon E5 haina sehemu ya michoro kabisa, na picha unayoiona kwenye skrini ya seva inatoka kwenye chipu ndogo iliyo kwenye ubao mama. Anayetaka kurusha masomo ya video kwa wanafunzi anaweza kukuta laptopu ya zamani inaifanya kazi hiyo kwa wati chache, wakati Xeon inahangaika na viini vyake vyote.

Upande mwingine ni amri za ndani ambazo programu mpya huzidai. MongoDB, programu ya hifadhidata, kuanzia toleo la 5.0 haifanyi kazi kwenye prosesa za Intel zisizokuwa na AVX, ambalo ni kundi mojawapo la amri hizo, na laptopu nyingi za zamani za Pentium na Celeron hazina. Matokeo ya lscpu yana orodha ya uwezo huo. Tafuta neno avx kabla ya kuahidi kitu. Na kwa Windows, fahamu kwamba Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba si E5 v4 wala kizazi cha sita cha Core kilicho kwenye orodha ya Windows 11. Kwa mashine zote mbili Linux ndiyo njia ya salama.

Wakati wa kuamua na kulipa

Kwa afisi yenye watu watano hadi kumi wanaofungua mafaili, kuandika risiti na kutunza hifadhidata moja, ningechagua laptopu yenye SSD na vipande viwili vya RAM, na fedha iliyobaki ningeinunulia diski mbili za nje za kuwekea nakala, moja ikae nje ya jengo. Kwa skuli yenye maabara ya wanafunzi arubaini wanaoingia kwa pamoja, au kwa anayetaka mashine pepe (kompyuta za kiprogramu) nyingi ndani ya chombo kimoja, seva inastahiki, na katika hali hiyo nunua yenye prosesa moja badala ya mbili, kwa kuwa tundu la pili linaweza kujazwa baadaye. Zile zilizo katikati zichunguzwe kwa kipimo cha darasa moja nilichokieleza hapo juu.

Ukienda kununua, iwe Darajani au Chake Chake, beba flashi yenye Linux inayowaka bila ya kusakinishwa, na usikubali kununua seva ambayo haikuwashwa mbele yako. Hesabu viini kwa lscpu, kisha hakiki RAM kwa amri hii:

sudo dmidecode -t memory

RAM za seva hizi kwa kawaida ni za aina ya RDIMM, ambazo haziingii kwenye laptopu na hazifanyi kazi kwenye kompyuta nyingi za mezani, kwa hiyo usizinunue kwa nia ya kuzigawa. Prosesa za laptopu zenye herufi U nazo zimeunganishwa kwa risasi kwenye ubao mama na hazibadilishwi, hivyo utakachokinunua siku hiyo ndicho utakachobaki nacho. Sikiliza feni za seva kwa dakika kumi ukiwa umesimama karibu nayo, maana mashine hizi zilijengwa kwa vyumba visivyokaa watu, na huenda yako ikakaa pembeni ya meza ya katibu.